Wote Tulikwenda Mikumi

Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilitaka jembe lenye mpini, kwanja, ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi na kamusi ya Kiingereza. Jembe na kwanja vilianza kazi siku ileile tuliyoripoti. Kamusi ilikaa sandukuni, na ilipoitwa kazini hatimaye, ilipangiwa kuzuia mlango wa bweni usibamizwe na upepo.

Kisha madamu wa Kiingereza akaingia darasani na kuandika ubaoni anayoyategemea kwetu. Kila wiki kitabu kimoja cha hadithi, na muhtasari wake. Kila usiku shajara. Kiswahili marufuku tangu kengele ya alfajiri mpaka taa zizimwe. La mwisho alilipigia mistari miwili: tufikiri kwa Kiingereza. Tukatazamana. Miaka saba ya shule ya msingi tulikuwa tumefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, kuanzia hesabu hadi Vita vya Majimaji. Kiingereza kilikuwa kipindi tu, tena cha mchana, saa za kusinzia. Sasa tulitakiwa tuwe tayari nacho kile tulichokuja kukitafuta. Mpaka leo nastaajabia sharti lile: zahanati inayopokea wazima tu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa viwili, Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver, vyote vya Richard Mabala, na nakala zilikuwa chache. Tulisoma kwa dawati, vichwa vitano juu ya kitabu kimoja. Aliyekaa katikati alisoma vizuri na ndiye aliyeshika mamlaka ya kufungua ukurasa. Wa kushoto walijua sentensi zinavyoanza, wa kulia walijua zinavyoisha, na jioni ilibidi wakutane ili hadithi ikamilike.

Kurasa za mwisho za nakala yetu ya Hawa hazikuwepo. Habari za kuaminika zilisema zinafungiwa karanga nje ya geti, na mwenzetu mmoja alijitolea kununua karanga kila siku kwa ajili ya taaluma. Akaambulia kurasa za jiografia. Mtihani ulipouliza hadithi inaishaje, kila dawati lilijitungia mwisho: kwetu Hawa alinunua mabasi yake mwenyewe, dawati la nyuma wakamwoza kwa kondakta. Madamu alisahihisha kimya kimya, akasema hajawahi kuona darasa lenye ubunifu namna hii. Hatukujua kama tumesifiwa.

Mabala wa pili alizua mjadala mkubwa zaidi. Mkulima anaitwa Mabala, mwandishi anaitwa Mabala. Nusu ya darasa ilishikilia kwamba mtu amejiandika mwenyewe. Nusu nyingine ikauliza, mkulima huyo alipata wapi nafasi ya kuandika na hali palizi inamngoja? Sisi tuliotoka kulima shamba la shule asubuhi ile tuliiona hoja hiyo nzito. Ule ndio uhakiki wa fasihi pekee tulioufanya mwaka mzima kwa moyo wote. Tuliufanya kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, monita akiwa ameenda kuchota maji.

Maana palikuwa na kibao. Anayenaswa akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwingine, na atakayelala nacho alikuwa na miadi na fimbo asubuhi. Kwa hiyo mwenye kibao alizunguka shule nzima akiwakanyaga watu vidole. Siku moja aliyekanyagwa alipiga kelele "Uwii!", na kesi ikafika ofisini: je, uwii ni Kiswahili? Walimu wawili waligawanyika. Wa tatu, wa kemia, aliwaamulia kwa Kiswahili fasaha kabisa, na hakuna aliyethubutu kumvika kibao.

Uandishi ulianza na insha ya likizo. Likizo zetu zilikuwa kupalilia mahindi, kuchota maji na kubeba wadogo zetu mgongoni, mambo ambayo hakuna aliyeamini yanastahili Kiingereza. Mmoja akaandika kwamba alikwenda Hifadhi ya Mikumi akamwona simba chini ya mti. Alipata alama nyingi na insha ikasomwa mbele ya darasa. Zoezi lililofuata, wote tulikwenda Mikumi. Simba alikuwa yuleyule na mti uleule. Mwenzetu wa Kigoma alikwenda asubuhi na kurudi kwao jioni. Binti mmoja tu, mtu wa Iringa, ndiye aliyeiona mbuga kweli, kwa kuwa barabara kuu ya Morogoro na Iringa inakatiza katikati yake. Akaandika kwamba kupitia dirisha la basi aliona nyani wawili na swala, kisha akalala. Alipata alama ya chini kuliko sote. Insha yake haikuwa na simba.

Nyumbani nako walikuwa na mategemeo yao, na hayo hayakuandikwa popote. Kidato cha kwanza ulikuwa mtu wa kuletewa maelezo ya sumu ya panya na kitabu cha redio ya Kijapani. Mama jirani akanijia na kazi nzito zaidi: barua ya kumwombea mwanawe kazi kiwandani, kwa Kiingereza. Shuleni tulikuwa tumefika kwenye barua ya kirafiki tu. Nilimweleza. Akasema urafiki haujawahi kumharibia mtu kazi, akavuta kigoda, akaanza kutaja salamu. Meneja aliulizwa hali yake, watoto, mvua za huko. Akaelezwa kwamba huku tunamshukuru Mungu ila mahindi yamechelewa. Ombi la kazi lilipata mstari mmoja karibu na sahihi, kwa kuwa karatasi ilikuwa imeisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, mistari mitatu kwa Kiswahili: kijana afike kiwandani Jumatatu na vyeti vyake. Nikamsomea. Mama jirani hakuridhika. Aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akanirudishia upande mweupe. "Haya mwanangu, sasa nisomee ile ya Kiingereza."