Namna ya Kumtazama Mwanamke Aliyekaa Mbele

Tangu 2022, serikali ilipogawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani na moja ikaniangukia mimi, natazamwa. Natazamwa nikitoka Isevya asubuhi, natazamwa nikipita chini ya miembe ya mjini Tabora, natazamwa mpaka Ilolangulu nikifika kwa wakulima wa tumbaku na karanga. Wanaume hutazama wakachoka, wakarudi kwenye bao lao. Hao hawana shida. Wenye shida ni ninyi, mama zangu na dada zangu msioendesha. Bidii mnayo, hilo siwanyimi, ila utaalamu ndio hamna. Mmoja anacheka kabla sijasimama, mwingine ananipa pole bila kuuliza nimepatwa na nini, wa tatu anamwita jirani na jirani anafika nimeshapita, lawama zinakuja kwangu. Nimeona niwaandikie utaratibu.

Kwanza, subirini kofia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akiwa bado na helmeti, koti na buti, hujui unamtazama nani. Bibi mmoja aliniambia "Karibu baba," nikaitika "Shikamoo bibi," akashika kifua. Kwa hiyo kaa kimya. Atapunguza mwendo, ataweka mguu chini, atasukuma stendi kwa kisigino, atazima. Atavua kofia. Hapo sasa ndipo pa kusema, "Heee! Kumbe mwanamke!" Isemwe mara moja, na mtu mmoja, kwa niaba ya wote. Kisha tazama nywele. Ukiziona zimelala kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe, usizunguke na habari za mvua za mjini, uliza nywele. Jibu ni kitambaa laini chini ya kofia. Nimeshalitoa mara nyingi na nitalitoa tena.

Pili, jifunzeni kuweka neno "ujasiri" mahali pake.

Neno hili huwa naambiwa na mama aliyeteremka kwenye bodaboda dakika hiyo hiyo. Amekuja amekaa kike: miguu yote kushoto, mmoja kwenye kikanyagio, mwingine unaning'inia na ndala imeshikiliwa na kidole gumba. Mtoto yuko mgongoni. Ndoo ya michembe iko mapajani. Mkono mmoja umeshika ndoo, wa pili umeshika hewa, maana kumshika dereva ni kumzoea. Dereva mwenyewe ni kijana wa miaka kumi na tisa, kandambili miguuni, kofia ameitundika kwenye kioo isipate vumbi, simu ameibana kwa bega. Na mchanga wa njia ile mnaujua. Tairi la mbele likishaingia linakwenda linakotaka lenyewe. Uzito wa abiria wote uko kushoto, kijana analalia kulia kuusawazisha, wanakuja hivyo hivyo kama mzani wa duka lisilo na mwenyewe. Na hapo ni siku njema, hajapakia mishikaki. Mama huyu anashuka, anajikung'uta, analipa. Ananikuta mimi nimekaa katikati ya chombo changu, miguu huku na huku, mikono miwili kwenye usukani. Anatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwenzetu una roho ngumu."

Tatu ni habari ya kizazi, na hii isisemwe mbele ya watoto. Pikipiki inaharibu kizazi, ndivyo ninavyofundishwa karibu kila mnada. Sibishi, mimi ni mtu wa mazao, sikusomea wodi ya wazazi. Ila wenye hoja hii wakumbuke kwamba kiti cha nyuma kimekaa juu ya tairi la nyuma, na shimo likipigwa anayerushwa zaidi ni aliyekaa huko. Mwalimu wangu mkuu wa somo hili ana watoto saba, na hajawahi kufika mnadani kwa mguu. Sijui kizazi cha nyuma kinakingwa na nini ambacho cha mbele hakina.

Hapo hapo, kabla hujasema "mimi siwezi kukaa vile, miguu imepanuliwa," naomba utazame mguu wako wa kulia, shavu la ndani. Ekzosi ya pikipiki iko kulia. Aliyekaa kike, miguu kushoto, ekzosi haimfikii. Sasa mbona makovu yale ni mengi hivi? Meusi, yanang'aa, ukubwa wa kijiko cha chai, yamekaa pale pale kama chapa ya ng'ombe wa mwenye mali mmoja. Nayaona kisimani, nayaona kwenye mikutano ya wakulima kitenge kikipeperuka. Wenyewe wanasema waliungua wakati wa kushuka. Sawa. Sikuuliza.

Mume sasa. Swali la mume lina madaraja. Jirani anauliza, "Kakuruhusu?" Mama mkwe haniulizi mimi, anamuuliza mwanawe, tena kwa Kinyamwezi ili liwe zito. Wifi ndiye anauliza lenye faida: "Na kaka huwa unampakia?" Nampakia. Anapanda nyuma, anashika kile chuma cha mwisho wa kiti kama mgeni, na tukikaribia kijiwe cha bodaboda anakumbuka ana dawa ya kununua, anashukia hapo, ananikuta mbele. Tuna dawa nyingi nyumbani.

Wapo wanaotazama kwa huzuni ya mila, wakisema mwanamke na safari ni jambo geni katika njia yetu hii. Njia ipi? Hii iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaenda mpaka Ujiji? Waingereza Burton na Speke mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya wakati ule, na misafara ya Wanyamwezi iliyopita njia hiyo ilikuwa na wanawake ndani yake, na vyungu, na watoto, na wengine na mizigo ya kulipwa. Walikaa kike au kiume? Hawakukaa. Walitembea. Na Mtemi Isike alipolipua baruti ndani ya boma lake Januari 1893 asiwe mateka, Wajerumani walimkalisha mwanamke, Nyaso, kwenye kiti cha utemi wa Unyanyembe. Tuwaachie Wajerumani hesabu zao; mimi naangalia kiti tu. Kile ni cha mbele kuliko vyote, na nijuavyo hakina upande wa kukalia kike.

Huko kwingine wenzenu wameshachoka kutazama. Unguja dada anakwenda kazini na vespa, baibui amelikusanya vizuri. Ouagadougou, Burkina Faso, mama anakwenda sokoni na pikipiki kama sisi tunavyokwenda na ndala. Nairobi wana hadi kundi lao, Inked Sisterhood, na makoti ya ngozi. Sisi bado tuko kwenye hatua ya kofia, na si haba.

Hatua ya mwisho haifanywi hadharani. Lazima wenzako wote wawe wameshaondoka na kikao kimefungwa. Hapo hubaki mmoja, anajifanya anafunga ndoo. Jana alikuwa mama wa michembe, yule yule wa roho ngumu, umri wa kunizaa.

"Mwanangu, hii gia iko mkononi au mguuni?"

"Mguuni, mama. Mkononi ni klachi."

"Na ukiisahau hiyo klachi?"

"Inaruka kama mbuzi, halafu inazima."

Akacheka peke yake. Akatazama njia juu, akatazama chini. Alikuwepo mtoto mmoja na baiskeli, akamtuma chumvi. Akakunja kitenge mpaka magotini, akapanda. Alipanda vizuri, bila kuonyeshwa pa kukanyaga. Kovu lilikuwa pale, mguu wa kulia, shavu la ndani, akaona nimeliona.

"Nilikuwa nashuka," akasema.

"Ndiyo, mama."

Sharti langu kwa hatua hii ni moja: ufunguo nauchomoa kwanza, nautia mfukoni. Chombo kiko kwenye stendi, kimezimwa, hakiendi popote. Mama akabana klachi, akaiachia polepole kama mtu anayefungua kuku miguu. Akakanyaga gia. Akajipinda kidogo, anakata kona fulani anayoijua yeye. Halafu akatulia, mikono bado kwenye usukani. Akaniangalia usoni, akateremsha macho taratibu mpaka kwenye mfuko wa koti langu, yakakaa hapo.