Maombi ya Miwani ya Kusomea Soseji

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mamba, Mpimbwe, mkoani Katavi. Huku tumezoea hatari zenye meno. Kiangazi, mamba wa Mto Katuma hujazana kwenye mapango ya kingo, na kila mtu anajua asikanyage wapi. Hatari iliyoandikwa kwa herufi ndogo kuliko kichwa cha siafu ndiyo inayotushinda.

Juzi, kwenye kibanda cha chipsi, niliinua pakiti ya soseji juani nikasoma: E250. Muuzaji akaapa ni bei. Jirani yangu, utingo mstaafu, akasema ni namba ya gari lililoleta mzigo. Mwalimu wa kemia ndiye aliyetutoa gizani: nitriti ya sodiamu.

Nitriti naiheshimu. Humzuia bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake hupooza mwili, na huipa soseji wekundu wa bibi harusi. Ila haikuajiriwa kuwa friji, ingawa kwenye kabati la kioo la chipsi tunaifanyisha kazi zote mbili.

Shida ni kwamba nitriti ikikutana na nyama na moto mkali huweza kuzaa nitrosamini. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa kundi moja na tumbaku. Si kwa ukubwa wa madhara, bali kwa uzito wa ushahidi. Gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama ya chumvi na ya moshi nazo zimo, kwa hiyo hata kichanja cha bibi kimeitwa kujieleza. Lakini moshi wa bibi unauona, tena unakutoa machozi kabla hujala.

Kwa kuwa tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwenu, naomba kila pakiti iambatane na miwani pamoja na mwalimu wa kemia. Bajeti ikigoma, nitaridhika na maneno matatu ya Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za jina la soseji yenyewe: INA NITRITI, USIZIDISHE.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mla Soseji,
Mamba.

Nakala: Utumbo Mpana – kwa taarifa.