Uainishaji wa Makofi ya Bud Spencer

Ndege wameainishwa, konokono wameainishwa, hata mawingu yana majina yao ya Kilatini. Makofi bado. Taaluma hii haina kiti katika chuo kikuu chochote tunachokifahamu, na matokeo yake imeachwa mikononi mwa walevi na makonda wa daladala. Wakati huohuo Carlo Pedersoli, mwigizaji wa Kiitaliano aliyejulikana kama Bud Spencer, aliyezaliwa Napoli tarehe 31 Oktoba 1929 na kufariki Roma tarehe 27 Juni 2016, aliacha hazina kubwa ya vielelezo, yote imo kwenye filamu na inangoja mtu wa kuipanga. Makala haya yanaanza kazi hiyo.

Kwanza tuweke mipaka ya utafiti. Filamu ya Dio perdona... io no! ya mwaka 1967 tunaiweka kando, kwa kuwa humo watu wanakufa kwa risasi, na risasi ni somo la idara nyingine. Inatuhusu kwa jambo moja tu: ndiyo iliyomkutanisha Pedersoli na Mario Girotti, kijana wa Venice mwenye macho ya buluu, aliyeitwa haraka baada ya mwigizaji aliyepangiwa nafasi hiyo kuumia mguu. Ili mabango yasomeke Kimarekani, wote wawili walibadili majina. Girotti akawa Terence Hill. Pedersoli alichukua bia ya Budweiser, akamchukua na mwigizaji Spencer Tracy, akawafungisha ndoa.

Enzi ya makofi yenyewe inaanza mwaka 1970, katika Lo chiamavano Trinità. Mwongozaji wake, Enzo Barboni, alikuwa mpigapicha wa Django ya 1966, filamu ambayo maiti hazihesabiki. Yaelekea alichoka kuzika. Katika Trinità alibakiza farasi, kofia na vumbi, lakini ugomvi mkubwa wa mwisho akaumaliza kwa mikono mitupu. Waitalia walijaa kwenye sinema, na mwaka uliofuata sehemu ya pili ikawajaza tena.

Sasa tuingie kwenye vielelezo. Mapigo ya Bud Spencer yana jamii kuu mbili: ya mkono wazi na ya mkono uliofumbwa. Katika jamii ya kwanza, spishi ya kawaida ni kibao cha mgongo wa mkono, kinachotolewa bila mpigaji kugeuza shingo, kama mtu anayefukuza nzi huku akisikiliza mazungumzo ya maana zaidi. Jamaa yake wa karibu ni kibao pacha: viganja viwili vinakutana kwa wakati mmoja, na katikati yake pana kichwa cha mtu. Kuna pia mgongano wa vichwa, lakini wataalamu wanabishana kama hilo ni pigo au ni utambulisho wa watu wawili wasiojuana. Kikumbo, kiwiko na teke tunavitaja ili orodha isilalamikiwe.

Fahari ya mkusanyiko ni konzi la wima. Ngumi inapandishwa hadi juu ya kichwa, inasimama huko kidogo, kisha inashuka moja kwa moja utosini kwa upande wa kidole cha mwisho. Mpigwa haanguki. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea, wakidhani konzi limeshindwa. Macho yake yanaanza kusogeleana kuelekea puani. Goti moja linalegea, la pili linafikiria. Mdomo unajaribu kusema jambo, labda tusi alilokuwa ameshalianza, kisha mwili wote unashuka taratibu. Ukitaka kujua kicheko kiko wapi, mtazame Bud mwenyewe katika kipindi hicho: ameshageuka, anatafuta sahani yake.

Tabia hii inatupeleka kwenye masharti ya pigo. Katika vielelezo tulivyokagua, ni nadra Bud kuanza shari. Anaombwa, anachokozwa, anasukumwa, naye anapunguza macho hadi yanabaki nyufa mbili, anapumua kwa nguvu na kutoa onyo. Mara nyingi kisa ni chakula au mali isiyo na thamani kubwa. Katika Altrimenti ci arrabbiamo ya 1974, genge la mfanyabiashara tajiri linaharibu kigari chekundu chenye paa la njano. Bud na Terence Hill walikuwa wanakigombea kwa mashindano ya soseji na bia. Madai yao kwa tajiri hayabadiliki filamu nzima: wanataka kingine kama kile, chekundu, chenye paa la njano. Anayekataa ombi dogo namna hiyo amejitakia.

Tusimsahau mpigwa, maana kofi bila mpokeaji ni upepo tu. Riccardo Pizzuti, kwa mfano, alipigwa katika filamu nyingi za wawili hawa, na kila mara anaingia na uso wa mtu asiyewahi kumsikia Bud Spencer. Upofu huo ni kipaji, na hatuelewi kwa nini haupewi tuzo.

Kisha kuna swali gumu la umiliki. Kwa desturi ya filamu za Italia za wakati ule, sauti iliwekwa baadaye studioni. Mlio wa kofi ulitengenezwa na mafundi. Na hata ile sauti nzito ya maonyo iliyosikika katika nyingi ya filamu hizo kwa Kiitaliano ni ya Glauco Onorato, maana lafudhi ya Napoli ya Pedersoli ilionekana haifai kwa mchunga ng'ombe. Kilichobaki kuwa chake ni mkono.

Na mkono huo una historia. Tarehe 19 Septemba 1950 Pedersoli aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 59.5, akawa Mwitaliano wa kwanza kushuka chini ya dakika moja. Alishiriki Olimpiki za Helsinki 1952 na Melbourne 1956, akacheza polo ya majini, akaonekana kama askari wa Kirumi katika filamu ya Quo Vadis, kisha akaenda Venezuela kufanya kazi katika ujenzi wa barabara. Hapa tunatoa nadharia yetu: konzi la wima ni mtindo huru uliosimamishwa. Mkono unapanda juu ya kichwa, unashuka kwa uzito wa bega, unarudi. Maji ndiyo yaliyobadilishwa. Wapinzani watauliza mbona Johnny Weissmuller, bingwa wa Olimpiki wa mbio hizohizo, aliishia kuwa Tarzan akining'inia kwenye kamba. Tunajibu kwamba Tarzan hakukatizwa chakula.

Wahakiki walichelewa kumpa heshima. Mwongozaji Dario Argento alimtumia mwaka 1971 na mwenzake Ermanno Olmi mwaka 2003, wote wawili nje ya ulingo wake wa kawaida, na tuzo ya filamu ya David di Donatello ya heshima ya maisha yote ilimfikia, pamoja na Hill, mwaka 2010.

Mji wa Schwäbisch Gmünd nchini Ujerumani ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 watu walipiga kura mtandaoni wakitaka handaki jipya la barabara liitwe kwa jina la Bud Spencer. Halmashauri ikakataa, ikatoa badala yake bwawa la kuogelea la mji, ambamo Pedersoli alikuwa ameshindana mwaka 1951. Mashabiki walinung'unika, lakini kwa upande wa sayansi halmashauri iliamua sawasawa.