Wanariadha wa Picha

Siku hizi Songea imejaa wanariadha. Utawakuta alfajiri nje ya Uwanja wa Majimaji: viatu vya rangi ya chungwa ambavyo havijawahi kuonja vumbi, saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, na fulana ya mbio ambazo hazijafika. Wananyoosha viungo. Wanajipiga picha. Wananyoosha tena, kwa sababu picha ya kwanza ilitoka na giza. Kisha mchakamchaka hadi kwenye supu ya mbuzi, kurudisha nguvu ambazo hazijatoka.

Waambie Mlima Matogoro uko palepale, waupande japo mara moja. Watakujibu kwamba ratiba ya wiki hii ni ya kupumzisha misuli. Misuli ipi? Tusiulizane, sisi ni majirani.

Mwaka 1968 kule Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki na bado akazimaliza kilomita 42 na ushei, watazamaji wengi wakiwa wameshakwenda zao. Mwaka 2025, Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03 tu. Hawa wetu, tofauti yao na mshindi itabidi ipimwe kwa kalenda.

Lakini tusiwavunje moyo. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Waheshimiwa hawa wako salama kabisa, maana hata huo ukingo hawajaukaribia.