Kaskazini Tu

Watu wa Minnesota wana ugonjwa unaowashika kila ifikapo mwezi wa sita. Jua likishaanza kuwaka, mtu anaaga kazini: "Naenda kaskazini." Ukimwuliza kaskazini wapi, anakutazama kama umemwuliza mshahara wake. Kaskazini tu. Sisi wa Mombasa, kaskazini tunakujua ndiko unakotoka upepo wa kaskazi, na zamani ulikuja na majahazi, tende na wageni. Kaskazini ya huku inaleta mbu.

Miaka 11 nimeikwepa safari hiyo kwa kisingizio cha zamu za usiku. Mwaka huu mpwa wangu, aliyezaliwa hukuhuku na anayesema Kiswahili kama mtu aliyeungua ulimi, akanijia na mpango wa baiskeli kichwani. "Mjomba, utakufa hujauona msitu." Nikamjibu kwamba kufa nikiwa nimeuona nako kunawezekana, tena kwa urahisi zaidi. Hakucheka. Watoto wa huku mzaha wa mauti hawauelewi.

Tukaenda Cuyuna, jirani na mji mdogo wa Crosby, mwendo wa saa 2 na ushei kutoka Minneapolis. Zamani palikuwa machimbo ya chuma. Migodi ilipofungwa, mashimo yakajaa maji yakawa maziwa, miti ikaota juu ya vifusi, na mwaka 2011 zikafunguliwa njia za baiskeli za milimani. Huo mlima wenyewe, basi, ni taka za wachimba madini. Jina nalo lina kisa: mtafuta madini mmoja, Cuyler Adams, alikuwa na mbwa aitwaye Una. Akakata kipande cha jina lake, akakiunga na jina la mbwa, zima bila kupunguzwa herufi. Mbwa aliingia mzima, mwenyewe nusu.

Dukani nilikodi baiskeli kwa siku moja tu, kwa pesa ambayo kwetu ni nusu mbuzi. Matairi manene kama mikono ya mpishi wa harusi, na haina karia wala kengele. Kijana wa duka akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa, Kenya, mtaa wa Kibokoni. Mpwa wangu kwa kiherehere chake akamfasiria: mahali pa viboko. Kijana akapiga mluzi. "Basi wewe wanyama wa huku hawakusumbui."

Hapo ndipo penye kidonda changu. Jamani, kiboko pekee nilichokijua Kibokoni ni kile cha ustadhi wetu wa chuoni. Simba nimewaona wawili, wamesimama kwa miguu ya nyuma wakishikilia ngao kwenye nembo ya taifa. Ndovu nimeona pembe zake Moi Avenue, nazo ni za alumini. Mnyama wa porini aliyewahi kunidhulumu mimi ni kunguru, na alichochukua ni hamri. Lakini huku, ukishakuwa na rangi hii, umelelewa na chui.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye kibanda cha mbao kando ya ziwa. Saa 8 za usiku nikasikia mtu analia majini, kilio kirefu cha mwanamke aliyefiwa, kisha akacheka. Nikasoma Ayatul Kursi mara tatu. Kulipokucha nikaambiwa ni ndege tu, tena ndiye ndege rasmi wa jimbo. Kati ya ndege wote, waungwana hawa wamemchagua mwenye sauti ya jini.

Mpwa wangu akanipa darasa la dubu. Ukimwona, usikimbie. Usipande mti, maana yeye anapanda kuliko wewe. Lililo bora ni kupiga kelele njiani akusikie mapema, aondoke kwa hiari yake. Kwa kuwa baiskeli haina kengele, niliimba taarab. Niliimba vizuri, nyingine hadi ubeti wa mwisho, nikipita kati ya misonobari huku vumbi jekundu la chuma likinijaa mdomoni. Mpwa wangu alikuwa ameshatangulia mbele sana; nadhani si kwa kasi bali kwa aibu.

Dubu hakuja. Kwenye kona ya njia ya buluu, ambayo nilidhani ndiyo ya wanaoanza (kumbe ya wanaoanza ni ya kijani), nikamkuta kobe. Si kobe wa kulishwa mchicha. Gamba lake kama sinia la pilau la watu wanne, mkia una meno ya msumeno kama wa mamba, na kichwa sawa na ngumi ya mpiga mwereka. Nikafunga breki ya mbele. Breki za siku hizi hazijui mzaha: baiskeli ilisimama, mimi nikaendelea.

Nilipofumbua macho tulikuwa uso kwa uso, kiasi cha hatua mbili. Kasa wa kwetu ana adabu. Hupanda ufukweni usiku, hutoka machozi, hutaga na kujirudia baharini. Huyu alinifunulia kinywa cheupe, akakoroma. Lakini hakusogea. Miguu yake ya nyuma ilikuwa inachimba kokoto nyekundu taratibu, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na shimoni likadondoka yai, jeupe na la mviringo, mfano wa mpira wa tenisi ya meza. Kisha jingine. Mama yuko leba, na mimi nimeingia bila kubisha hodi.

Wakafika wanawake wawili wa Kizungu, wakubwa kwangu kwa miaka isiyopungua 15, wakipanda kilima bila hata kuhema. Wakasimama. Wakamtazama kobe, wakanitazama mimi niliye chini, kisha mmoja akaniuliza kwa heshima kubwa: "Huyu anauma?"

Wenyeji wa jimbo, wazaliwa wa kandokando ya maziwa haya, wananiuliza mimi.

"Sana," nikasema, nikijikung'uta. "Na akitaga hapitwi."

Tukangoja dakika 40. Mmoja alinigawia korosho. Mpwa wangu alirudi kunitafuta, akamtazama kobe, akateremka, akaizungusha baiskeli yake kando ya mti na kupita upande wa pili. Nilimkodolea macho, akanyamaza. Angalau hilo tumemfunza.

Nyumbani usiku mke wangu alinimulika kwa tochi, maana huku mnyama wa kuogopwa kweli ni kupe. Akamkuta mmoja nyuma ya goti, amejinyoosha kama mpangaji aliyelipa kodi.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Kaskazini."

"Kaskazini wapi?"