Mbeba Sinia

Haya, tumesikia: Python ndiyo lugha ya sayansi. Mistari mitatu tu, milinganyo elfu imeshatatuliwa, na mwandika programu anajipepea. Hasemi kwamba NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, iliipokea kazi ikaisukuma nyuma ya pazia kwa LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ile ile anayoiita kikongwe, iliyotoka IBM mwaka 1957, miaka 34 kabla ya Python. Mpishi yuko jikoni, moshi machoni. Anayetunzwa ni mbeba sinia. (Sinia lenyewe zuri, hatukatai.) Lakini hebu mheshimiwa aandike kitanzi chake mwenyewe cha mizunguko bilioni kumi, kwa Python tupu. Atakunywa kahawa, ataswali adhuhuri, atarudi: mashine ingali inahema.