Mjomba Alipopakia Misukule

Mjomba wangu hachezi gemu. Anaendesha basi. Ukimkuta barazani kwake Isevya, Tabora, ameishika simu kwa mikono miwili, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, usithubutu kumuuliza kama anacheza, maana naye atakuuliza kama wewe ukiwa kazini huwa unacheza. Subiri afike stendi, azime injini, ndipo umpe shikamoo yake.

Alikuwa dereva wa mabasi ya mikoani enzi zile ambazo kutoka Tabora kwenda Nzega wakati wa masika kulihitaji kuagana na familia vizuri. Alipostaafu na macho yakaanza kupungua nguvu, mjukuu wake akamwekea kwenye simu Bus Simulator Indonesia, gemu ya kampuni ya Maleo ya huko huko Indonesia, iliyotoka mwaka 2017. Vijana wa Tanzania na Kenya wameipenda sana kwa sababu mchezaji anaruhusiwa kulivalisha basi rangi anazotaka, na wapo mafundi wanaokesha wakichora rangi na maandishi ya mabasi yetu, kisha wanagawiana mitandaoni. Mjomba akapatiwa basi lenye rangi zile zile za gari alilolizeekea. Tena Waindonesia wanashika kushoto kama sisi, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa dalili ya malezi mazuri.

Anavyoendesha, trafiki angelia kwa furaha. Taa nyekundu anasimama hata kama barabara nzima haina mbuzi. Indiketa anawasha. Akichelewa anawaomba radhi abiria kwa sauti, na mkazamjomba wangu akiwa jikoni anawajibia: "Tumekusamehe, dereva."

Kisha simu ikatumbukia kwenye ndoo ya nguo. Iliyonunuliwa badala yake ilikuwa na memori finyu, na lile basi likagoma kuingia. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa katika ukoo wetu kila kitu chenye kioo ni shauri langu, isipokuwa madirisha.

"Mpwa wangu," akasema Mjomba, "nitafutie nyingine inayofanana na ile, lakini nyepesi."

Duka la programu la simuni lina ukarimu wa kupitiliza. Ukilitajia gemu moja, linakumwagia zinazofanana nayo mpaka kidole kinachoka kupandisha. Nikaandika "basi", na mabasi yakaja. Ya kwanza ilikuwa ya basi linaloruka makorongo. Mjomba akafika ukingoni, akaona daraja hakuna, akaweka rivasi na kuanza kutafuta njia ya mchepuko. Muda ukaisha akiwa bado anaitafuta, na simu ikamwandikia kwamba ameshindwa. Akasema aliyeshindwa ni mhandisi wa barabara.

Ya pili ilikuwa na misukule. Mji umekufa, moshi umetanda, na barabarani wanakuja watu wenye nguo zilizochanika, wanayumba, mikono wameinyoosha mbele. Mjomba akapunguza mwendo.

"Mlango unafunguliwa wapi?"

"Mjomba, hao ni misukule."

"Mtu akisimama barabarani akanyoosha mkono, anataka usafiri. Mlango uko wapi?"

Mlango haukuwapo. Misukule wakafika, wakaanza kulipiga basi vioo, na ule mstari wa uhai uliokuwa juu ya skrini ukawa unapungua. Mjomba hakushtuka. Akasema abiria wa sikukuu ndivyo walivyo, ukiwazoea hawakusumbui. Ilinibidi nimweleze kwamba utaratibu wa gemu ile ni kuwakanyaga. Akaiweka simu chini kwenye mkeka, akavua miwani, akanitazama.

"Leseni yangu haikupata doa miaka yote ile, leo unaniletea gari la kukanyagia watu?"

"Wamekwisha kufa, Mjomba."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Maiti unaikanyaga?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama hata waliotengeneza gemu ile wanalo. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nikaliona kosa la lile duka. Lilikuwa limelitazama basi, dereva halikumtazama. Ni sawa na muuza nguo anayekuletea gauni la harusi kwa sababu uliulizia shuka jeupe.

Ukitaka kuyaona haya waziwazi, kaa kwenye kibanda cha gemu saa kumi alasiri, watoto wakitoka shule. Kiko kimoja maeneo ya Kanyenye ninachokifahamu, chenye televisheni mbili, pedi zilizofungwa kwa gundi ya umeme, na benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Kijana mmoja pale anacheza mpira, lakini mpira wenyewe haumhusu. Anachokitaka ni kumfunga mwenzake, kisha amzungumzie mpaka Magharibi. Akifunga bao peke yake, bila mtu wa kumuumiza, hafurahi. Mwingine anacheza GTA: San Andreas, ile ya mwaka 2004, wala hafanyi hata kazi moja anayopewa. Anachukua baiskeli na kwenda kuangalia ramani inaishia wapi. Wa tatu hashiki pedi kabisa. Anakaa katikati ya benchi, anamshauri kila mtu, anajua nani kagombana na nani, na umeme ukikatika yeye ndiye pekee ambaye jioni yake haiharibiki. Mwenye kibanda anawauliza wote watatu swali moja tu: unacheza gemu gani?

Mwingereza mmoja, Richard Bartle, aliliona jambo hili zamani. Yeye na mwenzake Roy Trubshaw walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex walipoanzisha, mwaka 1978, gemu ya maandishi matupu iliyochezwa na watu wengi kwa pamoja ndani ya kompyuta. Mwaka 1996 akaandika kwamba waliokuwa wakiingia mle walikuwa watu wa aina nne, akawagawa kwa karata. Uru ni wale wanaokusanya mali na kupanda daraja. Shupaza ni wachimbaji, wanaotaka kujua kuna nini nyuma ya kila ukuta. Kopa wamefuata watu na mazungumzo. Pau ndio wapigaji, raha yao ni mwenzao aumie.

Nilimsimulia Bibi, mama yake Mjomba, akiwa kwenye mkeka na wenzake wanacheza albastini. Akasikiliza kwa adabu, akatupa karata, akaniambia yeye hajui kama ameshinda mchezo wowote tangu mfungo uliopita, kwani hapo alipo anataka kujua binti wa nyumba ya tatu anaolewa na nani. Bibi ni kopa tupu. Umwekee karata za simuni azicheze na mashine isiyojua kusema, utakuwa umemfunga jela.

Ila sisi wa Tabora tulipaswa kuyajua haya bila kungoja Essex. Karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita hapa Unyanyembe hadi Ujiji, kilomita 1,200 hivi, vumbi moja kwa wote. Mfanyabiashara alifuata pembe za ndovu. Kijana wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, kilo 30 na ushei, kwa ajili ya ujira, lakini pia kwa kuwa asiyewahi kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, walikuwa pau wa kuzaliwa. Njiani watu walitaniana mpaka utani ukawa wa ukoo: wazee wanasimulia kwamba utani wetu na Wazaramo ulianzia kwenye misafara hiyo, na mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana msibani lazima mmoja alalie jeneza. Walikuwapo pia waliopita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo. Hao hakuna aliyewauliza wanataka nini, nami siwaingizi kwenye mizaha hii.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza. Waliingia Tabora, enzi hizo wageni wakiiita Kazeh, Novemba 1857. Msafara mmoja, mahema yale yale, homa zile zile. Ukiwatazama kwa macho ya lile duka la simuni utasema hawa wanapenda gemu moja. Kumbe walipotoka Ujiji na kurudi Kazeh, Burton akatulia hapa na Waarabu, anakunywa kahawa, anaandika maneno ya lugha za watu na habari za nchi. Speke hakuweza kukaa. Akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona lile ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua samaki humo siku zote, akarudi anatangaza kwamba chanzo cha Nile kimepatikana. Mmoja alicheza ili azungumze, mwingine alicheza ili awe wa kwanza. Waligombana miaka, na Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao uliopangwa mjini Bath, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa anawinda. Na mmisionari Livingstone, aliyekaa pale Kwihara, jirani na hapa, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi watoke pwani, zingemfaa sana gemu zile za shamba ambamo unapanda mahindi kisha unaambiwa urudi baada ya muda wa saa 8.

Turudi kwa Mjomba. Wako watafiti wawili Marekani, Nick Yee na Nicolas Ducheneaut, walioanzisha kampuni ya Quantic Foundry mwaka 2015. Waliona karata nne hazitoshi, wakatafuta sababu za watu kucheza kwa kuwauliza wachezaji wenyewe, na wamekwisha kujibiwa na watu wanaozidi milioni. Wakapata sababu 12: kubomoa, msisimko, kushindana, kuwa pamoja, kupimwa uwezo, mbinu, kukamilisha, nguvu, kuvaa nafsi nyingine, hadithi, kubuni na kugundua. Mtu mmoja anakuwa nazo zote, kila moja kwa kipimo chake. Nikaamua kumsaili Mjomba kwa mtindo wao, barazani, baada ya Alasiri.

"Unapenda kulipua vitu?"

"Vitu vya nani?"

Nikaandika sifuri. Nikamuuliza kuhusu kushindana. Akasema anayekupita kwa fujo utamkuta mtaroni Igunga. Kuhusu kuwa na nguvu kuliko wengine, akanikumbusha kwamba leseni yake ni daraja C. Kuhusu hadithi, akasema hiyo ni kazi ya konda. Nilipofika kwenye kukamilisha, akakaa sawa.

"Safari usipoifikisha, asubuhi ulitoka nyumbani kufanya nini?"

"Andika pia kwamba anapenda kusifiwa," mkazamjomba akasema kutoka jikoni.

Nikaandika. Nilipoisoma karatasi nzima, neno basi halikuwamo. Kilichokuwamo ni watu wanaosubiri, kila mmoja na haja yake, saa inakwenda, na mtu mmoja mwenye dhamana ya kuwahudumia wote kwa zamu bila mtu kuumia. Nikaingia tena dukani, safari hii bila kuandika jina la gari lolote, nikatoka na Cooking Fever, gemu ya kampuni ya Nordcurrent ya Lithuania iliyotoka mwaka 2014. Ni ya mgahawa. Wateja wanasimama kaunta, juu ya kila mmoja kuna alama ya anachotaka, na pembeni kipimo cha subira yake kinashuka. Unakaanga, unapanga mkateni, unamimina soda, unapokea hela.

"Mimi? Jikoni?" Mjomba aliona haya kwa niaba ya ukoo mzima.

Nikamwambia ajaribu tu mpaka nipate ya basi. Kimya kikapita. Halafu nikamsikia: "Wewe mama tulia, wa mbele yako hajapata." Baada ya muda: "Soda mbili, twende." Mara akawa anawaita abiria. Mkazamjomba akatoka na mwiko mkononi, akasimama nyuma yake. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mtu huyu akigeuza hata chapati moja, na sasa alikuwa anakaanga nyama ya watu watatu, tena bila kukaripiwa.

"Kumbe unajua," akasema.

"Hii ni kazi ya ratiba," Mjomba akajibu bila kuinua macho. "Ratiba haina mke wala mume."

Yule mwanamume wa mwisho kaunta, subira yake ikaisha. Akanuna, akageuka, akaondoka bila kula.

"Na huyo je?" mkazamjomba akauliza. "Umemwacha stendi?"

"Huyo Mzaramo. Babu zake walitoza babu zetu hongo kabla hawajafika baharini. Leo na yeye aonje kucheleweshwa."

"Haya. Soseji zako zinaungua, dereva."